Msalaba Mwekundu wa Japani: Miaka 150 na Swali la Nani Alipe

Historia za vyama vya hisani kwa kawaida huanza na mwanzilishi mwenye huruma na kuishia na picha ya viongozi wakikata keki. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Japani, kitakachotimiza miaka 150 tarehe 1 Mei 2027, nacho kina mwanzilishi wa namna hiyo, na tutamfikia. Lakini mtu aliyekitofautisha chama hiki na ndugu zake wengi duniani hana sanamu popote: ni mhasibu wa serikali ya mkoa. Kule Japani, maafa makubwa yakishatangazwa kisheria na kikosi cha tiba cha Msalaba Mwekundu kikatumwa, risiti za mafuta, dawa na posho hazisubiri mfadhili wala mchango wa dharura. Zinapelekwa mkoani, na mkoa unabanwa na sheria kuzilipa.

Ilichukua miaka 70 kufika hapo.

Sano Tsunetami alizaliwa Saga, katika kisiwa cha Kyushu, na alikuwa miongoni mwa Wajapani wa kizazi kile waliosoma elimu ya Kizungu kupitia vitabu vya Kiholanzi. Mwaka 1867 aliongoza ujumbe wa Saga kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Paris, na huko akakuta banda la chama kipya kilichojipa kazi ya kuwatibu majeruhi wa vita bila kuuliza wametoka upande gani. Miaka 10 baadaye wazo hilo likapata pa kutumika. Februari 1877 masamurai wa Satsuma waliasi, na vita vikali vikapiganwa Kyushu, ardhi aliyozaliwa. Sano na wenzake wakaomba ruhusa ya kuunda jumuiya ya kuwahudumia majeruhi wa pande zote mbili. Tokyo ikakataa. Serikali gani inaruhusu watu wake wawafunge bandeji waasi wanaotaka kuipindua? Sano hakurudi nyumbani kusikitika. Alifunga safari hadi Kumamoto, palipokuwa na makao ya jeshi, akamwona Mwanamfalme Arisugawa Taruhito, mkuu wa majeshi ya serikali, na tarehe 1 Mei 1877 akatoka na kibali. Jumuiya ikaitwa Hakuaisha. Japani ilipojiunga na Mkataba wa Geneva mwaka 1886, jumuiya ikajiandaa kuvaa jina jipya, na mwaka 1887 ikawa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Japani.

Mpaka hapo ni chama cha vita, kama vyama vyote vya alama ile. Kilichokigeuza ni mlima. Asubuhi ya tarehe 15 Julai 1888, Mlima Bandai katika mkoa wa Fukushima ulilipuka, ubavu mzima ukaporomoka na kufukia vijiji vilivyokuwa chini yake. Watu karibu 500 walikufa. Hapakuwa na vita wala adui, na hakuna mkataba wa kimataifa uliokitaka chama kifanye lolote. Hata hivyo, kwa msukumo wa Malkia Shoken, mke wa Mfalme Meiji, madaktari wa Msalaba Mwekundu walipelekwa mlimani. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa za Msalaba Mwekundu duniani kuwahudumia waathirika wa maafa wakati wa amani. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1891, tetemeko la Nobi liliua zaidi ya watu 7,000 katikati ya nchi, na safari hii hakuna aliyeuliza kama kazi hiyo ni ya chama au si yake.

Pesa ilitoka wapi? Kwa wanachama, na wanachama walitafutwa na serikali. Hapa ndipo pana jambo ambalo vitabu vya sherehe hulipita haraka. Magavana wa mikoa ndio waliokuwa wakuu wa matawi, na chini yao wakuu wa wilaya na wa vijiji wakaandikisha watu. Ndiyo maana kufikia vita vya Japani na Urusi vya 1904 hadi 1905 chama kilikuwa na wanachama karibu milioni moja, idadi ambayo vyama vya Ulaya viliitazama kwa mshangao. Uzalendo ulikuwepo, sikatai. Lakini mkulima anapotembelewa na mkuu wa kijiji mwenye daftari mkononi, uzalendo huwa mwepesi zaidi kuonekana. Mpaka leo matawi ni 47, moja kwa kila mkoa, na mengi yanaongozwa na magavana waliomo madarakani.

Kwa upande wa serikali, sheria ya mwaka 1899 iliitaka mikoa itenge mifuko ya kuwasaidia waliopatwa na maafa. Wazo lilikuwa jema. Kasoro yake ilikuwa kwamba kila mkoa ulijipangia viwango vyake. Mtu aliyebomokewa na nyumba upande huu wa mpaka alipewa hiki, na jirani yake wa ng'ambo ya mto akapewa kile. Kwa miaka karibu 50 jambo hilo lilivumiliwa.

Halafu tarehe 21 Desemba 1946, saa kumi na dakika 19 alfajiri, bahari ya kusini mwa Japani ikatikisika. Tetemeko la Nankai na tsunami yake viliua zaidi ya watu 1,300, kuanzia Wakayama hadi Kochi. Nchi ilikuwa imetoka kushindwa vita mwaka mmoja uliopita. Miji ilikuwa imeungua, chakula kilikuwa cha mgawo, bei zilikuwa zikipanda kila kukicha. Mikoa ilipofungua mifuko yake ya maafa ikakuta pesa iliyowekwa kwa bei za zamani, na ilipoanza kugawa, tofauti za viwango zikawa wazi kiasi cha kutoweza kufichwa. Oktoba 1947 ikapitishwa Sheria ya Uokoaji katika Maafa, na ndiyo inayotumika hadi leo, ingawa imefanyiwa marekebisho mengi.

Sheria hiyo inastahili kusomwa polepole, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la swali la nani alipe. Kwanza, uokoaji ni jukumu la mkoa aliko mwathirika, na gharama ni za mkoa. Pili, Msalaba Mwekundu una wajibu wa kushirikiana na serikali, na gavana anaruhusiwa kuukabidhi sehemu ya kazi kwa makubaliano. Mikoa mingi iliukabidhi tiba na huduma kwa waliofariki. Tatu, gharama zitakazotumiwa na chama katika kazi hiyo zitalipwa na mkoa. Nne, mkoa wenye shida ukiomba msaada wa mkoa mwingine, mkoa uliosaidia una haki ya kudai gharama zake. Tano, serikali kuu inabeba sehemu ya mzigo kwa ngazi: kwa gharama zisizozidi asilimia 2 ya mapato ya kawaida ya kodi ya mkoa, inalipa nusu, kwa sehemu inayozidi hapo hadi asilimia 4, inalipa asilimia 80, na kwa kinachozidi hapo, asilimia 90. Maafa yakiwa madogo, mkoa unajikakamua. Yakiwa ya kuufilisi, taifa linaingia.

Na ili mkoa usije ukasema hauna kitu, kila mkoa unalazimika kuweka akiba ya maafa kwa kipimo kinachotokana na wastani wa kodi yake ya miaka mitatu iliyopita: sehemu 5 kwa kila 1,000. Si pesa nyingi. Lakini ni pesa iliyopo kabla ya mvua kunyesha.

Kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni kile kinachosema mkoa utakilipa chama gharama zake baada ya kutoa michango iliyopokelewa kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Kwa maneno mengine, chama hakiwezi kulipwa mara mbili, mara moja na msamaria mwema na mara ya pili na mlipakodi. Aliyeandika kifungu kile alikuwa anajua vyama vya hisani, na alikuwa anajua serikali.

Mwaka 1952 Msalaba Mwekundu wa Japani ukapewa sheria yake yenyewe, inayoutambua kuwa chombo cha pekee kisicho idara ya serikali na kisicho kampuni. Ukaendelea kujenga hospitali, ambazo leo zinakaribia 90, na katika kila moja kuna watu wenye zamu ya kuondoka wakiitwa. Kikosi cha kawaida kina watu sita: daktari mmoja, muuguzi kiongozi, wauguzi wawili na watumishi wawili wa utawala. Hao wawili wa mwisho ndio wanaoendesha gari, wanaotafuta mahali pa kulala, na wanaotunza risiti.

Lakini mkoa haulipi kila kitu. Blanketi zilizomo maghalani, magari, mafunzo ya huduma ya kwanza na mishahara ya ofisi za matawi vinatokana na ada na michango ya wanachama, na hapa serikali za mitaa zinachangia kwa njia nyingine, isiyoandikwa kwenye bajeti. Mwezi Mei ni mwezi wa Msalaba Mwekundu. Meya ndiye mkuu wa chama katika mji wake, afisa wa ustawi wa jamii wa manispaa anashika makaratasi, na anayepita nyumba hadi nyumba ni mjumbe wa chama cha mtaa. Kwa miaka mingi ada ilikuwa yeni 500 kwa mwaka. Tangu 2017 anayetaka kuwa mwanachama kamili anatoa kuanzia yeni 2,000, na wengine huchangia walichonacho.

Msomaji aliyewahi kugongewa mlango na mjumbe wa nyumba kumi akidai mchango wa Mwenge, au kuitwa na chifu kwenye harambee ya darasa, anaijua hiari ya aina hii. Unaweza kukataa, ila jina lako litabaki na nafasi tupu kwenye orodha, na kesho mtakutana kisimani. Wajapani nao walichoka. Katika mji wa Koka, mkoa wa Shiga, chama kimoja cha mtaa kiliona tabu kuzunguka na bahasha kila msimu, kikaamua mwaka 2006 kupandisha ada ya mtaa kutoka yeni 6,000 hadi 8,000, nyongeza ile ikiwa ni michango ya Msalaba Mwekundu na mifuko mingine ya hisani iliyokusanywa mahali pamoja. Wakazi wachache wakaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ikawakatalia. Agosti 2007 Mahakama Kuu ya Osaka ikawapa haki: mchango ni jambo la dhamiri ya mtu, na chama ambacho mkazi hawezi kuishi bila kuwa ndani yake hakina mamlaka ya kumlazimisha kutoa. Aprili 2008 Mahakama ya Juu ikaiacha hukumu hiyo isimame. Nadhani ilikuwa hukumu ya haki, na nadhani pia chama cha mtaa kingekwenda mahakamani kikiwa na hoja nzito zaidi kama kingekuwa kimezoea kuomba badala ya kutoza.

Miaka mitatu baada ya hukumu hiyo ukaja mtihani mkubwa kuliko yote. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga kaskazini mashariki, na tsunami ikafuata. Waliokufa na waliopotea walikuwa zaidi ya 18,000.

Katika Ishinomaki, mkoa wa Miyagi, hospitali ya manispaa ilikuwa karibu na bandari na maji yakaifanya isitumike. Hospitali ya Msalaba Mwekundu, yenye vitanda 402, ilikuwa imehamishiwa bara mwaka 2006, kilomita kadhaa kutoka baharini, katika jengo lililowekwa juu ya vizuizi vya kupunguza mtikisiko. Ilisimama. Ikawa ndiyo hospitali kubwa pekee inayofanya kazi katika eneo zima, na siku ya tatu ikapokea wagonjwa zaidi ya 1,000. Daktari wake wa upasuaji, Ishii Tadashi, alikuwa ameteuliwa na mkoa wa Miyagi kuwa mratibu wa tiba ya maafa mwezi mmoja tu kabla. Uteuzi huo ndio uliompa mwajiriwa wa chama cha hisani mamlaka ya kuzipanga timu za vyuo vikuu, za mikoa mingine na za vyama vya madaktari bila mtu kumuuliza yeye ni nani.

Alichofanya kwanza ni kuhesabu. Hakuna aliyejua kuna vituo vingapi vya waathirika wala vina hali gani. Kwa siku tatu timu zilizunguka vituo kama 300 na fomu moja: watu wangapi, chakula kipo, maji yapo, vyoo viko vipi, wanaoharisha ni wangapi, wenye homa ni wangapi. Katika baadhi ya vituo majibu yalionyesha kwamba daktari hakuwa hitaji la kwanza. Hitaji la kwanza lilikuwa mkate, na la pili choo. Fomu hizo zikapelekwa kwa serikali kama madai. Tarehe 20 Machi timu zote zikaunganishwa chini ya uratibu mmoja, eneo likagawanywa sehemu 14, na kila sehemu ikakabidhiwa timu zinazopokezana. Kazi hiyo iliendelea hadi mwisho wa Septemba. Timu iliyotoka mkoa wa mbali ilijua kwamba mkoa wake utadai gharama, kwa hiyo swali la mafuta na posho halikumchelewesha mtu nyumbani.

Upande wa pesa za waathirika, hadithi haikuwa nzuri hivyo. Michango iliyomiminika kwa Msalaba Mwekundu ilizidi yeni bilioni 300. Kwa utaratibu wa Japani chama hakikati hata senti kwa matumizi yake, na wala hakigawi chenyewe: pesa inakwenda kwa kamati za mikoa, mikoa inazishusha kwa manispaa, na manispaa zinalipa kaya. Aprili 2011 kiwango cha awamu ya kwanza kilipangwa: yeni 350,000 kwa kila aliyekufa au kupotea, kiasi hichohicho kwa nyumba iliyobomoka kabisa, na 180,000 kwa iliyobomoka nusu. Ili ulipwe, manispaa ithibitishe hasara yako. Sasa fikiria Otsuchi, mkoa wa Iwate, ambako tsunami ilimuua meya na makumi ya watumishi wake. Nani angegonga mhuri? Wiki zikapita, miezi ikapita, na wananchi waliochangia wakaanza kuuliza kwa hasira pesa zao ziko wapi. Lawama ilikiangukia chama, ingawa pesa zilikuwa zimekwama kwenye dawati la halmashauri lililosombwa na maji. Utaratibu unaotegemea serikali za mitaa unaanguka pale serikali ya mtaa yenyewe inapokuwa mwathirika, na mwaka 1947 hakuna aliyeliandikia jambo hilo kifungu.

Msaada mmoja ulipita njia iliyo rahisi zaidi. Kuwait ilitoa mapipa milioni 5 ya mafuta ghafi. Yaliuzwa Japani, na thamani yake, takriban yeni bilioni 40, ikapitia Msalaba Mwekundu kwenda mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima, iliyoamua yenyewe matumizi. Reli ya Sanriku, iliyosombwa pwani ya Iwate, ilinunua mabehewa mapya kwa sehemu ya pesa hizo, na ubavuni mwa mabehewa hayo imeandikwa shukrani kwa Kuwait, pamoja na maneno ya Kiarabu.

Baada ya matetemeko ya Kumamoto ya 2016, miji mikubwa ilidai ipewe mamlaka ya kuendesha uokoaji yenyewe. Magavana walipinga, wakihofia vurugu ya wasimamizi wawili katika mkoa mmoja. Marekebisho yalipita mwaka 2018, na tangu Aprili 2019 miji inayokubaliwa na serikali kuu inashika mfuko na bili zake.

Kwa nini hayo yamhusu msomaji wa Kiswahili? Sababu moja ni kwamba chama hiki kimefika kwetu. Kimegharamia huduma za afya zilizoendeshwa na Msalaba Mwekundu wa Kenya huko Garba Tulla, Isiolo, ambako zahanati ni chache na umbali ni mrefu. Sababu nyingine ni kubwa zaidi. Kenya tangu 2013 ina kaunti 47, idadi ileile ya mikoa ya Japani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kukabili maafa na huduma ya magari ya wagonjwa, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kuwa na mfuko wa dharura, malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato. Msalaba Mwekundu wa Kenya upo kwa sheria tangu Desemba 1965, na wa Tanzania tangu 1962. Vijana wenye fulana nyekundu walikuwa Katesh, Hanang', Desemba 2023, tope liliposhuka mlimani, na walikuwa Mai Mahiu Aprili 2024. Vyombo vipo, watu wapo. Sheria ile ya fedha ya Kenya inataja mfuko, lakini Msalaba Mwekundu haumo ndani yake, na hakuna kifungu kinachosema kijana yule akirudi na risiti ya mafuta ya boti aipeleke wapi.

Makadirio ya bajeti za kaunti huwasilishwa kwenye mabunge yake kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Ukihudhuria kikao cha kwenu mwaka huu, kaa mpaka wafike fungu la dharura, kisha uliza mambo mawili: limewekewa kiasi gani, na je, kuna mkataba uliotiwa saini na Msalaba Mwekundu unaosema nani atalipa nini, ndani ya siku ngapi? Kwa msomaji wa Tanzania, swali ni hilohilo kwenye baraza la madiwani.